Dakika Thelathini na Tano Mpaka Manda

Kazi yangu ni kujibu maswali ya watu wenye haraka. Nakaa kwenye dawati la kampuni ndogo ya ndege hapa uwanja wa Malindi, mwaka wa tisa huu, na hakuna swali nililoulizwa zaidi kuliko hili: mpaka Lamu ni mwendo gani? Najibu hata mtu hajamaliza. Kilomita mia moja na arobaini, dakika thelathini na tano, na ndege haishuki Lamu mjini, inashuka Manda, kisha unavuka kwa boti. Siku nikiwa na hasira, na siku hizo si chache, najibu huku natazama pengine. Ndiyo tabia yangu, Mungu anisamehe.

Baba yangu mzazi, Mzee Abdurahman wa Shella ya hapa Malindi, hakupata kuniuliza swali hilo hata siku moja. Miaka thelathini aliendesha lori la bidhaa kati ya Malindi na Mokowe, gati ya bara ya kuvukia Lamu, na kwake yeye Lamu maana yake ni Garsen, Witu, Hindi, kisha maji. Ukimtajia ndege anakucheka. "Gari likiharibika nashuka, natia jiwe nyuma ya gurudumu," husema. "Huko juu nitatia jiwe wapi?" Watu hucheka naye, na mimi nilikuwa nikicheka. Sikujua kwamba mzaha ule alikuwa akijificha ndani yake.

Mwaka huu Mwenyezi Mungu akamjaalia kwenda Hija. Na kwetu mtu haondoki kwenda Makka mpaka azunguke kuomba radhi. Unakwenda nyumba kwa nyumba, unasema, nisamehe niliyokukosea, kwa kujua na kwa kutojua. Mwenzio anakujibu, nimekusamehe, duniani na akhera, nawe unisamehe. Mnapeana mikono, unakwenda nyumba ya pili. Baba alizunguka wiki nzima. Alimwomba radhi kinyozi wake, akamwomba jirani aliyegombana naye kwa sababu ya jogoo, akamwomba mama yangu mpaka mama akamwambia basi, mume wangu, utanitia wazimu. Kundi lao lilikuwa liondoke Jumamosi alfajiri, na kufikia Alhamisi alikuwa amebakiwa na mtu mmoja tu. Naye ni dada yake mkubwa, shangazi yangu Zuleikha, aliyeko Langoni, Lamu.

Hawakuwa wakisemezana kwa miaka kumi na minane. Mwaka ule wa mafuriko ya mto Tana bibi yangu alifariki Lamu baada ya sala ya alfajiri. Tulivyohadithiwa nyumbani ni kwamba baba alikimbilia uwanja wa ndege, akaambiwa viti vimejaa, akakamata gari, na mto ukamzuia Garsen siku mbili. Alipofika, mama yake yuko chini ya udongo. Hakuuona uso wake. Na aliyekataa kumngoja, tuliambiwa, ni Zuleikha. Baba hakukanyaga tena Lamu, na sisi wanawe tukamnunia shangazi kwa niaba yake.

Na mimi nikinuna, nanuna kweli. Siku yangu ya kupakwa hina, mahali pa shangazi palikaa mto wa kukalia, mtupu, nami nikajifanya sijali. Miaka mitatu iliyopita akatokea mwenyewe mbele ya dawati langu, akisema anatoka kwa daktari wa macho, anarudi kwao. Akanitazama. Nikamwambia, "Kitambulisho." Akanipa. Nikampa kadi yake ya kupandia bila kumwamkia, mimi niliyelelewa kumwamkia hata muuza mkaa.

Basi Alhamisi ile baada ya magharibi baba akampigia simu, sauti ameifungulia tukisikia sote.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba."

"Nasafiri Jumamosi, inshallah. Nimepiga kukuomba radhi."

Shangazi akasema, "Abdu, ya kaburi la mama hayaombwi kwa simu. Ukiitaka radhi yangu, ifuate." Akakata.

Mama akashika kichwa. Imebaki siku moja, na mzee ana miaka sabini na mmoja na mgongo mbovu. Kwa gari kwenda na kurudi Ijumaa, na boti juu yake, hakuwezekani. Nikavuta pumzi nikasema kama ninavyowaambia wageni. "Baba, ni kilomita mia moja na arobaini. Dakika thelathini na tano. Ndege ya saa nne asubuhi, na ya kurudi ni saa kumi jioni."

"Nimesikia," akasema. Uso ulimsawijika, nami nikadhani ni hasira za dada yake.

Baba nilimkatia tiketi, nami nilikuwa na tiketi ya wafanyakazi, ile ambayo ndege ikijaa unashuka wewe apande mwenye tiketi yake. Nikaomba ruhusa nimsindikize. Asubuhi Musembi, anayepima mizigo, akamwonyesha mizani. Ndege zetu hizi za viti kumi na viwili abiria naye hupimwa.

"Mzee, panda hapa kidogo tafadhali."

"Mimi ni gunia?"

"Hapana mzee wangu, ni ndege tu ni ndogo."

Baba akapanda na kanzu yake na bakora yake, akapimwa, akashuka. Kwenye ngazi alisimama kidogo, akatazama nyuma. Nikamsukuma mgongoni, taratibu. Akaingia.

Ile kuondoka tu, akanikamata kifundo cha mkono na akawa anasoma Ayatul Kursi, akiimaliza anaianza tena. Ndege ikatikisika kwenye mawingu juu ya Ngomeni, akazidi kukaza, vidole vyangu vikafa ganzi. Nikamwonyesha dirishani ili asahau. "Baba, tazama, ule ni mto Tana. Na ule mstari ni barabara yako ya Garsen."

Akainama akatazama. Alitazama muda mrefu ile barabara iliyomla ujana wake wote, nyembamba, inapinda huku na huku, na ndege inaikata bila kujali. Kisha akaniuliza, "Zimebaki dakika ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Ni hizi tu?"

"Ni hizi tu, baba."

Nikaona machozi yanamshuka. Akasogeza mdomo sikioni mwangu, kwa sababu ya kelele ya injini. "Siku ile kiti kilikuwepo," akasema.

"Kiti gani?"

"Siku aliyokufa mama. Walinipima, wakanipa kadi. Nikafika mpaka kwenye ngazi. Likaanza kuzunguka lile pangaboi la ndege, miguu ikakataa. Nikarudi."

Wallahi, nilipandwa na mori humo humo angani. Nikamnyang'anya mkono wangu. "Baba! Miaka kumi na minane? Mimi nimemnunia shangazi yangu, nimeolewa bila yeye, kumbe umeogopa pangaboi?" Mtalii wa kiti cha mbele akageuka kutazama. Nilimwambia na mengine ambayo mtoto hamwambii mzazi wake, na siyarudii hapa. Naye hakujitetea. Alikaa ameinamisha kichwa, mikono imeshikana yenyewe kwa kuwa mimi nimeinyima wa kushika. Nikaitazama nikashindwa. Baba ni baba. Nikamrudishia mkono wangu, lakini kwa shingo upande.

"Utamwambia?" nikamuuliza.

Akageuka kutazama dirishani, na hapo nikaogopa mimi. Ile radhi ya kwa kujua na kwa kutojua ni pana, mtu anaweza kuficha humo lori zima.

Tukashuka Manda. Pale uwanjani pana banda la kungojea, wazi pande zote, na mwenzetu Nicholas ndiye anayepokea abiria. Nilidhani tutatembea mpaka gatini tuvuke Lamu, lakini kwenye benchi la mwisho alikuwa ameketi mwanamke mzee wa buibui, miwani usoni, kikapu mapajani. Hakuinuka. Alikuwa akiwatazama abiria mmoja mmoja wanavyoshuka, na macho yalipomfika baba yakasimama.

"Shikamoo dada," baba akasema.

"Marahaba, Abdu." Akamtazama toka viatu mpaka kofia. "Umezeeka."

"Nimezeeka." Akaunganisha mikono. "Dada, nimekuja. Nisamehe niliyokukosea, kwa kujua na kwa kutojua."

"Kipi?"

"Vyote, dada."

"Hayo ya vyote kawaambie majirani. Mimi nitajie."

Baba akanitazama. Sikumsaidia. Nilimwomba Mungu tu moyoni, nikisema yarabi, mpe ulimi mzee huyu. Akaiegemeza bakora kwenye benchi, akasimama bila kitu cha kushika, akamwambia yote: mizani, kadi, ngazi, na miguu iliyokataa. "Nikarudi nyumbani nikasema viti vimejaa," akasema. "Kisha nikasema wewe hukuningoja. Uongo wa kwanza ulikuwa wa hofu. Wa pili sijui ulikuwa wa nini."

Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa buibui, akaivaa. Alipoanza kusema sauti ilikuwa ya chini, nami nikatamani apige kelele.

"Wanawake walipomaliza kumwosha mama, niliwaacha naye nikavuka kwa boti. Nilikaa hapa. Watu walisema, maiti iko ndani na binti yake anazurura Manda. Nilijua huji kwa lori, mto umejaa, basi nikasema Abdu atapanda ndege, ni dakika thelathini na tano. Ndege tatu zilitua siku ile. Nikahesabu wanaoshuka. Ya kwanza walishuka saba. Ya pili wanne na mbwa wa Mzungu. Ya tatu hakushuka mtu, walishusha maboksi. Wazee walinitumia mjumbe mara mbili, Zuleikha, maiti hacheleweshwi. Ilikuwa azikwe adhuhuri, kwa ajili yako akazikwa alasiri. Mpaka leo namwomba Mungu anisamehe kwa kumchelewesha. Kisha nikasikia huko Malindi inasemwa kwamba sikungoja."

Baba alikuwa analia waziwazi, wasafiri wanapita na mabegi. Nilingoja shangazi aseme lile neno, nimekusamehe. Hakulisema. Akainuka, akatia kikapu mkononi.

"Boti ipo," akasema. "Twende, sala ya Ijumaa haimngoji mtu."

Tukavuka. Baba akaenda msikitini, na baada ya sala akaenda makaburini kumzuru mama yake, peke yake. Mimi nikabaki jikoni na shangazi, nakuna nazi. Nilikaa juu ya ile mbuzi yake ya kukunia nimeinama, nikashindwa kuvumilia.

"Shangazi, nami nakuomba radhi. Siku ile pale dawatini, sikukuamkia."

Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza. "Daktari wa macho yuko hapa hapa Lamu, mwanangu. Nilikwenda Malindi nikuone ulivyokua. Nikasema nitapita pale kwenye dawati lake, kitambulisho ataniomba, japo nitasikia sauti." Akanipangusa shavu kwa mkono wenye tui. "Nimekusamehe zamani. Endelea kukuna hizo nazi."

Nililia juu ya zile nazi mpaka akaniambia nitazitia chumvi kabla ya wakati.

Baba akarudi macho mekundu. Tukala wali wa nazi na samaki wa kupaka, na shangazi akawa anamwekea nduguye minofu, anamtolea miba kama alivyokuwa akifanya, bila shaka, walipokuwa watoto. Lakini radhi hakumpa. Baba naye hakuuliza mara ya pili, kwani radhi haidaiwi. Saa tisa na nusu tukavuka tena kurudi Manda, shangazi anatusindikiza. Nilikuwa nikihesabu moyoni: kesho alfajiri anaondoka, na dada yake bado hajasema.

Ndege ikaja, abiria wakashuka, wakaitwa wa kwenda Malindi. Ilikuwa imejaa. Baba akanitangulia, akatembea vizuri mpaka hatua sita hivi kutoka kwenye ngazi. Rubani akawasha. Pangaboi likaanza kuzunguka.

Baba akasimama.

"Mzee, twende," Nicholas akasema.

"Rayhana," baba akaniambia bila kugeuka, "nitakuja kwa gari kesho."

"Kesho kundi linaondoka alfajiri, baba! Utaikosa Hija!"

"Najua."

"Asubuhi si umepanda?"

"Asubuhi nilikuwa na la kufuata. Sasa sina kitu miguuni, mwanangu. Imeisha." Uso ulikuwa umejaa jasho. Nikaanza kumfokea, maana mimi nikiogopa nafoka, nikamvuta mkono, akawa mzito kama ameota mizizi. Abiria wengine wamekwisha panda, wanachungulia madirishani. Nicholas anatazama saa.

Shangazi alikuwa amesimama penye banda. Nikamwona anamwita Nicholas, anamuuliza kitu. Nicholas akatikisa kichwa. "Imejaa, mama. Labda huyu Rayhana, yeye yuko kwa tiketi ya kazi, akibaki…"

"Nimeshabaki," nikasema, hata sikujua nabakia nini.

Akaandikiwa hapo hapo, akapanda mizani na kikapu chake. Akanitia ufunguo wa nyumba mkononi. "Wali umebaki, usiulaze," akaniambia. Kisha akaenda mpaka kwa baba, akasimama mbele yake, karibu, ili amsikie.

"Abdu. Siku ile ungesema unaogopa. Neno moja tu kwenye simu. Ningepanda mimi nije Malindi nikuchukue. Thelathini na tano kwenda, thelathini na tano kurudi. Mama angekungoja. Hilo ndilo linaloniuma, si jingine. Ulidhani nitakucheka?"

"Nilidhani utanicheka," baba akasema.

"Ningekucheka. Kisha ningekuja kukuchukua."

Akamshika upindo wa mkono wa kanzu, vile dada mkubwa anavyomshika mdogo wake kumpeleka chuoni kusoma Kurani, akaanza kutembea. Baba akamfuata. Kwenye ngazi shangazi alipanda kinyumenyume, miaka sabini na sita, amemshika mikono yote miwili, anamwambia nitazame mimi, usitazame huko, nitazame mimi. Wakaingia. Mlango ukafungwa.

Nikakaa kwenye lile benchi. Saa kumi na dakika kumi na saba ndege ikaacha ardhi. Haya, nikajiambia, thelathini na tano, we Rayhana si unazijua. Kumbe sizijui. Nimezitamka maelfu ya mara na sikupata kuzikaa hata moja upande huu. Zilikuwa ndefu jamani. Nikafikiria ile mikono ya baba, na kwamba safari hii si mimi niliyepewa kuishika. Nikamfikiria shangazi amekaa hapa na ndege ya tatu inashusha maboksi. Dakika ya ishirini nikainuka, nikakaa, nikainuka tena. Nicholas akaniletea maji, sikuyanywa. Nilitaka kuwapigia, nikakumbuka wako angani.

Saa kumi na dakika hamsini na tano simu ikalia. Ni shangazi, na hakunisalimu.

"Ameshuka," akasema.

Nikamsikia analia, na nyuma yake baba anamwambia dada nyamaza, watu wanatazama, na yeye mwenyewe analia. Nikaziba mdomo kwa kitambaa.

"Mwambie mama yako aongeze kikombe," shangazi akasema. "Kesho alfajiri nampeleka mimi mwenyewe mpaka garini, na ile ndege kubwa ya Hija anasema sasa ataipanda. Na nimemsamehe, Rayhana. Nimemwambia tulipokuwa juu. Duniani na akhera."